Jibu la Swali la Saba

Karatasi ya Mirnes ilikuwa ya mwisho kwenye rundo, na Mwalimu Fikreta alikwisha kuchoka. Kahawa ilikuwa imepoa kikombeni, tumbo linadai chakula, na nje malori ya magogo yalikuwa yakipita moja baada ya jingine kuelekea mgodini, yakitikisa vioo vya chumba cha walimu. Akaivuta karatasi akitaka kuimaliza upesi. Alipofika swali la saba akasimama, akasoma, akarudia kusoma, kisha akacheka peke yake.

Swali la saba lilikuwa lile lile kila mwaka, kwa miaka kumi na saba. Nguzo za mti zinapolia chini mgodini, mchimbaji afanye nini? Na zinaponyamaza, afanye nini? Jibu lilikuwa ukurasa wa mia moja na nne wa kitabu, hata mzembe alilijua: zikilia, toka, maana dari inashuka, zikinyamaza, uzito umetulia, endelea na kazi. Mirnes, kijana wa miaka kumi na saba mwenye mwandiko kama kuku amepita kwenye unga, alikuwa ameandika hivi: "Zikilia fanya kazi huku unasikiliza, maana mti unaosema bado unabeba. Zikinyamaza ghafla, kimbia. Usiokote hata kofia."

Fikreta akachukua kalamu nyekundu, akaweka sufuri, na pembeni akaandika: Nani kakufundisha haya? Sufuri ile ikamshusha Mirnes chini ya maksi za kupita. Asiyepita haendi mgodini kwa mafunzo ya vitendo, na asiyekwenda mgodini, katika mji wetu wa Gornja Ruda, sijui aende wapi. Kuna mgodi, kuna duka la mikate, na kuna basi la kwenda Ujerumani siku ya Alhamisi.

Sasa msije mkadhani namsengenya. Fikreta hakuwa mwalimu wa ovyo. Alisoma uhandisi wa migodi kule Tuzla, na alikuwa wa kwanza darasani kwake, akawapita wanaume thelathini. Lakini alipomaliza, sheria haikumruhusu mwanamke kufanya kazi chini ya ardhi. Sheria ilipokuja kubadilika, vichwa vya watu havikubadilika nayo. Kwetu mwanamke akisogelea tu mlango wa mgodi, utawasikia wanaume wazima wanaguna kama wamemwagiwa maji. Basi wakampa chaki. Walimfungia mlango, kisha wakamwambia awafundishe watoto wa watu yaliyomo ndani, na wala hakuna aliyeona haya.

Mara moja tu aliwahi kushuka, tena akiwa mwanafunzi, saa nzima, kwenye njia ya wageni iliyopakwa chokaa na kutundikwa balbu. Walipewa juisi. Hiyo juisi ndiyo aliyoikumbuka zaidi.

Kwa hiyo alijitengenezea mgodi wake mwenyewe. Alitafuta sanduku la kioo, akapanga ndani yake vijiti vya mishikaki kutoka kwa muuza nyama wa stendi, ndizo nguzo. Juu yake akaweka ubao, ndio dari. Kila Septemba aliliweka mezani mbele ya darasa na kuongeza vitabu juu ya ubao, kimoja kimoja. Vijiti vilibeba kimya. Kitabu cha saba au cha nane kilipowekwa, kijiti kililia "tak", na kabla hujafumba mdomo kila kitu kilikuwa chini. Vijana walipiga makofi. "Mmeona?" aliwauliza. "Kimya ni salama. Kelele ni kifo." Kwa macho yao waliona, na nani atabisha alichokiona kwa macho yake?

Na alikuwa na mtindo wake mwingine, ambao wanafunzi wake wote wanaukumbuka mpaka leo. Mwanafunzi akijibu sawasawa kwa mdomo, Fikreta alikunja uso na kusema, "Hapana, umekosea." Aliyetetemeka na kubadili jibu alipewa tatu. Aliyekaza shingo na kurudia jibu lile lile alipewa tano, maksi ya juu kabisa. "Chini ya ardhi hakuna nafasi ya mtu wa kuyumbishwa," aliwaambia. Walimpenda kwa hilo.

Siku ya pili yake, saa ya mapumziko, mlango wa darasa ukasukumwa bila hodi. Akaingia mzee mnene mwenye kofia ya sufu, anapumua kwa sauti kama mtu anayekoroma akiwa macho. Mkononi alishika karatasi ya Mirnes.

"Wewe ndiye Fikreta?"

"Ndiye mimi, mzee. Karibu ukae."

"Sikai. Nikikaa sitainuka, na nyinyi hapa hamna winchi." Akaiweka karatasi mezani, akaigonga kwa kidole pale penye wino mwekundu. "Umeuliza nani kamfundisha. Nimekuja. Ni mimi, Hilmo, babu yake."

Fikreta akatabasamu kwa adabu. Alikwisha kuwaona wazazi wa namna hiyo. "Mzee Hilmo, ninaelewa uchungu wako. Lakini jibu liko kitabuni, na kitabu kimeandikwa na maprofesa wawili."

"Wazima?"

"Nadhani."

"Basi hawakuwamo ndani zilipokuwa zinanyamaza."

Akajikongoja mpaka kwenye sanduku la kioo, akainama, akachungulia. "Na hii ni nini?"

"Mgodi wa mfano."

"Mimi nikadhani banda la sungura." Akachomoa kijiti kimoja, akakivunja kwa vidole viwili. "Vijiti vikavu, mama. Kijiti kikavu kina neno moja tu, na hilo ni la mwisho. Msonobari mbichi wenye unene wa paja langu unalalamika wiki nzima. Unalalamika kama marehemu mke wangu. Alipokuwa anafoka nilijua nyumba imesimama. Siku aliponyamaza nilijua nimekwisha."

"Mzee wangu, ulichokiona wewe ni cha siku moja, mahali pamoja. Kitabu kimekusanya mambo ya watu wengi."

"Ni kweli, ilikuwa siku moja," Hilmo akasema, na mzaha ukamtoka usoni. "Tulikuwa sita. Mti umelia tangu asubuhi mpaka masikio yanawasha. Mara, kimya. Wenzangu wanne wakasema afadhali, wakakaa chini, wakafungua mikate yao. Mimi na Luka tulitoka kwenda kukojoa. Kwenda kukojoa tu, mwalimu, sikukimbia kwa akili yangu. Hao wanne sikuwaona tena." Akakohoa kwa muda mrefu, akajifuta. "Wewe umeshashuka?"

"Sheria haikuniruhusu."

"Sikukuuliza sheria."

Hapo Fikreta akaumia. Miaka kumi na saba alikuwa akimeza maneno ya wanaume. Akasema kwa sauti baridi kwamba mtoto atarudia mtihani kesho kwa mdomo, atajibu kama kitabu kinavyosema au abaki nyumbani, na kwamba kengele imelia. Hilmo akashika njia ya mlangoni.

"Mpitishe au usimpitishe, hilo lako," akasema. "Ila usimfute nililomwandikia kichwani. Chuma kimekwisha, wamerudi kwenye mti, na waliokuwa wanaujua mti wote tuko kwenye vibaraza tunakohoa."

Hilo la chuma lilikuwa kweli tupu. Kwa miaka kumi na zaidi mgodi ulitumia matao ya chuma, na chuma hakina maneno. Tangu mwaka jana matao yakaacha kuja, na Shimo la Kaskazini likarudi kwenye misonobari. Hata wanyapara walikuwa watu wa chuma. Mti waliusoma shuleni, kwa Fikreta au kwa waliomtangulia, ukurasa ule ule.

Kesho yake Mirnes akasimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Zikilia?"

"Natoka."

"Zikinyamaza?"

"Uzito umetulia. Naendelea na kazi."

"Hapana," Fikreta akasema, "umekosea."

Uso wa Mirnes ukafunguka. Kwa kitambo kidogo alimtazama mwalimu kama mtu aliyefunguliwa mlango wakati alikwisha kuondoka. Kisha akakumbuka mtindo wake, akaelewa kwamba anapimwa tu, na uso ukafungika tena. "Uzito umetulia, mwalimu," akasema polepole. "Naendelea na kazi."

Akapata maksi zake. Fikreta alipaswa kufurahi, lakini maneno ya Hilmo hayakumtoka kichwani. Jioni ya Jumamosi alitembea mpaka kwenye jengo anakokaa Hilmo, akapanda ngazi mbili, akasimama. Angesema nini? Kwamba hakuwa na hakika? Baada ya miaka kumi na saba? Akageuka akashuka, akajiambia amepita tu kunyoosha miguu.

Jumatatu, kwenye duka la mikate, mtu akamgusa bega. Alikuwa Jasenko, aliyemaliza shule mwaka uliopita, tano kwenye kila somo, kijana ambaye usingemwambia "umekosea" ukamtoa kwenye jibu lake hata kwa trekta. Nyusi zake zilikuwa na vumbi jeusi la makaa.

"Sretno, mwalimu," akasema. Ndiyo salamu ya wachimbaji wetu, kukutana na kuagana, yaani bahati iwe nawe.

"Sretno, mwanangu. Wamekuweka wapi?"

"Shimo la Kaskazini, mwisho kabisa. Na swali lako la saba ndilo linaloniweka hai, nakwambia." Akacheka. "Nguzo zinalia kutwa. Mwanzoni nilikuwa natoka, wenzangu wakanicheka mpaka nikazoea. Lakini zikinyamaza, ah, hapo ndipo ninapokaa na kula kwa raha zangu. Nawaambia wenzangu, huyo ni Mwalimu Fikreta huyo, ukurasa wa mia moja na nne."

Mkate ulikuwa wa moto mikononi mwa Fikreta. Maneno ya Hilmo yalimfika mpaka kwenye ulimi. Alitakiwa kusema moja tu: Jasenko, kuna mzee anasema vingine, hebu kamwulize. Sentensi moja. Wanawake wawili walikuwa nyuma yao kwenye foleni, na Jasenko anamtazama kwa macho yale ya kujivunia mwalimu wake.

"Vizuri," Fikreta akasema. "Kula vizuri."

Hilo sisi tulilijua baadaye kwa sababu yeye mwenyewe alilisema, wala hakujificha.

Siku ya mafunzo ya vitendo ilipofika, mwalimu aliyezoea kuwapeleka vijana alikuwa amelazwa kwa mawe ya figo. Mkuu wa shule akamwita Fikreta, akasema bila kumtazama machoni: sheria inaruhusu siku hizi, vijana sita, njia fupi, baada ya saa mbili muwe mmerudi. Fikreta akajibu sawa. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu usichana wake.

Mlangoni mwa mgodi walimpa kofia ngumu yenye taa na koti linalofika magotini. Wanaume waliokuwa wanatoka zamu ya usiku walimpisha mbali, na mmoja akatema mate chini. Mnyapara wao alikuwa Stipo, mtu mfupi mwenye masharubu na maneno mengi.

"Haya, watoto wa chaki," akasema. "Chini hakuna kupiga mluzi, hakuna kuvuta sigara, na hakuna kuniuliza saa ngapi tunakula. Mwalimu, wewe kaa katikati. Ukizimia tukubebe vizuri."

"Nikizimia mimi nitaangukia juu yako," Fikreta akasema, na vijana wakacheka, na kucheka kule kukamsaidia hatua hamsini za kwanza.

Kisha mwanga wa mlango ukabaki nyuma, mdogo kama sarafu, halafu haukuwepo. Njia ilishuka. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu na yenye harufu ya utomvu, harufu nzuri ya msituni, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, maana haikustahili kuwa mle. Matao ya chuma yakaisha. Zikaanza nguzo za msonobari, huku na huku, na boriti juu yake, nyingine bado zina magome.

Nazo zilikuwa zinasema. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba itakuwa hivi. Ilikuwa milio midogo midogo isiyokoma, huku kukwaruza, kule kupasuka kidogo, mahali pengine mguno mrefu kama wa mtu anayegeuka kitandani. Vijana wakasimama papo hapo na wote wakamtazama mwalimu wao. Zikilia, toka. Waliandika, wakapewa maksi.

"Mnangoja nini?" Stipo akauliza.

"Zinalia," mmoja akasema.

"Zinalia tangu Agosti. Tukitoka kila zikilia hatutachimba hata ndoo moja. Twendeni."

Fikreta akasikia nusu ya jibu lake linaanguka chini, pale pale, mbele ya wanafunzi wake. Akatoa glavu moja, akaweka kiganja kwenye nguzo. Ilikuwa na unyevu, na ndani yake kulikuwa na mtetemo mwembamba, unaokuja na kwenda. Ilikuwa inabeba. Kiganja chake kilijua jambo hilo kabla ya kichwa. Miaka kumi na saba alikuwa amesimulia kitu ambacho mkono wake ungeweza kumwambia kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, na akaona haya mpaka machozi yakamlenga.

Mirnes alikuwa nyuma yake, naye mkono uko kwenye nguzo.

Wakafika mahali njia inapopanuka, penye mabenchi ya mbao. Mbele zaidi, kama hatua sitini, taa tatu zilikuwa zinacheza mwishoni kabisa. Moja ikapanda ikashuka.

"Sretno, mwalimu," sauti ya Jasenko ikaja kutoka gizani. "Umekuja kwangu hatimaye."

"Sretno, Jasenko," akajibu. Stipo akaanza kueleza namna ya kupigilia kabari za kukaza nguzo, akapiga moja kwa nyundo, akampa kijana mmoja naye apige. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi.

Kisha kukanyamaza.

Hakikuwa kimya cha kupungua polepole. Kilikatika. Sauti zote zile, za kukwaruza na za kuguna, zilikoma kwa pamoja kama redio iliyozimwa, na Fikreta akasikia damu inampiga masikioni. Kutoka juu, kati ya boriti mbili, uzi mwembamba wa vumbi ukaanza kumiminika mbele ya taa yake.

"Ahaa," Stipo akasema akijinyoosha mgongo. "Zimetulia. Kaeni tupumue kidogo."

"Uzito umetulia," kijana mmoja akakariri, na wawili wakakaa kwenye benchi, wakaanza kufungua mikoba yao.

Mirnes hakukaa. Mkono wake ulikuwa bado kwenye nguzo, na uso wake chini ya taa ulikuwa mweupe. Alikuwa anamtazama mwalimu. Hakuthubutu kusema, kwa sababu aliwahi kusema, akapewa sufuri.

Fikreta akagusa nguzo iliyokuwa karibu. Mtetemo haukuwepo. Ulikuwa umekufa kabisa.

"Mirnes," akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Swali la saba."

"La mtihani, mwalimu, au la babu?"

"La babu."

"Tutoke. Sasa hivi."

"Wote juu," Fikreta akasema. "Acheni mikoba. Mirnes mbele, wengine nyuma yake, kimbieni mpaka kwenye chuma. Nendeni." Wakasita, akamsukuma wa karibu kwa mikono miwili, na hapo wakaamini, miguu yao ikaanza kuvuma njiani.

"Mama, wewe vipi?" Stipo alikuwa na hasira. "Zimetulia, husikii?"

"Nasikia. Waite wale watatu. Waite, Stipo, uniseme utakavyo huko juu."

Kitu usoni mwake kikamfanya mnyapara awe mpole. Akaweka mikono mdomoni. "Nyie wa mwisho! Tokeni kidogo. Mwalimu ana wasiwasi." Taa mbili zikatikisika zikaanza kuja, watu wawili wakinung'unika. Taa ya tatu ilikuwa imeshuka chini, usawa wa mtu aliyekaa.

"Jasenko, toka," Fikreta akaita.

Kutoka kule mwisho kikaja kicheko, kicheko kizuri, cha mtu anayemjua vizuri anayemtania. Alikuwa na mkate mdomoni, ilisikika.

"Mwalimu, mbona unanipima tena? Nimeshamaliza shule mimi."

"Sikupimi. Umekosea. Jibu limekosewa. Toka."

Kabla halijamtoka vizuri, alijua kwamba amelisema lile lile. Umekosea. Neno lile lile, alilokuwa akilisema kila mwezi wa Juni kumwona kijana huyu akikaza shingo. Akapiga kelele jina lake, akaanza kwenda mbele, Stipo akamshika koti kwa nyuma.

"Hapana, mwalimu," Jasenko akaitikia, kwa sauti ya darasani, wazi na bila wasiwasi. "Zikinyamaza, uzito umetulia, naendelea na"

Upepo wa dari inayoshuka ndio uliotangulia, ukawapiga usoni na kuzima masikio. Stipo alimburuta mwalimu, wale wawili wakawapita, na hakuna aliyeona kitu tena mpaka mikono yao ilipogusa chuma baridi.

Juu kulikuwa na mawingu mepesi na mbwa mmoja anabweka. King'ora kikalia. Vijana sita walikuwa wamekaa kwenye nyasi, weusi usoni, na Fikreta aliwahesabu mara tatu kwa kidole. Stipo alikuwa anazunguka, anasema "zilinyamaza, jamani, zilinyamaza", akimwambia kila mtu na hamwambii yeyote. Hata baada ya saa nzima hakuna sauti iliyotoka ndani.

Kisha likaja basi la zamu ya pili, limeitwa mapema kwa ajili ya kuchimba na kutafuta. Wakashuka wanaume kama ishirini, wanavaa kofia huku wanatembea, hawana muda wa kuuliza nani. Fikreta akawatazama nyuso. Karibu wote aliwafundisha. Yule mwenye meno ya mbele yaliyopishana alimpa nne. Yule mrefu alimpa tano. Walikuwa wanaingia chini ya misonobari ile ile, na huko ndani ni kimya.

Akaenda akasimama mlangoni, katikati, koti lake limechanika begani. "Subirini," akasema. "Nisikilizeni. Nguzo zikinyamaza?"

Walimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini sauti ilikuwa ya mwalimu, na ya mwalimu haisahauliki. Wengi wakajibu kwa pamoja, bila hata kufikiri, "Uzito umetulia."

"Hapana," Fikreta akasema. "Mmekosea."

Na pale, mbele ya mlango wa mgodi, na mwenzao yuko chini, aliona mabega yao yanakaa sawa na shingo zinakaza. Yule mrefu wa tano akatikisa kichwa, kwa upole, kama anayemliwaza.

"Uzito umetulia, mwalimu," akasema. "Tupishe tukamtoe."

Fikreta akafumba macho. Alipofumbua, akamshika Mirnes mkono, akamwinua kutoka kwenye nyasi, akamsogeza mbele yake mpaka akawa amesimama kati yake na wale wanaume.

"Msinisikilize mimi," akawaambia. "Msikilizeni huyu. Huyu nilimpa sufuri."